Picha Zilizoruhusiwa Kusema

Palikuwa na nchi. Anayeifahamu anyamaze, asiyeifahamu asikilize. Iliitwa Jamhuri ya Ridhaa, kwa sababu kila jambo lililofanyika humo lilifanyika kwa ridhaa ya wananchi, na mwananchi ambaye ridhaa yake ilichelewa alisaidiwa kuitoa.

Mimi naitwa Hamadi Shauritanga. Nilikuwa mtumishi wa Idara ya Pongezi, na kazi yangu ilikuwa kuwaandikia watu pongezi kwa niaba ya Mtukufu Rais. Kodi ikipanda, niliwapongeza walipa kodi. Daraja likianguka, niliwapongeza wale ambao walikuwa hawajafika darajani. Nayasema haya mapema msije mkadhani kwamba naisema vibaya serikali. Sijawahi. Ninayoyasimulia hapa ni sifa tupu, na pale ambapo sauti yangu itatetemeka, jueni ni uzalendo.

Jirani yangu alikuwa Mhandisi Asumini Kitandula, mkuu wa mitambo katika Wizara ya Milango. Mumewe, Ngwali, alikuwa mtangazaji wa hali ya hewa katika redio ya taifa. Ngwali alijaliwa sauti nzito ya kubembeleza, na kila siku alisoma tangazo lile lile: "Leo kutakuwa na utulivu nchi nzima." Siku mabati ya nyumba yangu yalipong'olewa na upepo, redio ilikuwa wazi, nikamsikia akitangaza utulivu. Nikaona aibu kwa niaba ya mabati.

Walikuwa watu wema. Hawakuwa na mtoto, lakini walikuwa na vicheko, na vicheko vyao vilivuka ukuta vikafika kwangu, mimi niliyefiwa na mke, nikiwa nakula peke yangu. Mara nyingi Ngwali alinigongea ukuta kwa kijiko. Maana yake: njoo, chakula tayari.

*

Mwaka ule serikali ilifungua Lango. Lango lilikuwa tovuti moja ambamo serikali nzima ilihamishiwa: vyeti, mishahara, majina ya watu na, juu ya yote, Amri. Zamani Amri ilipelekwa na tarishi kwa baiskeli. Njiani tarishi aliweza kunyeshewa, wino ukachuruzika, watu wakapumzika. Sasa Amri ilitoka ndani ya Lango ikiwa na muhuri wa nyota, ikaingia katika kila ofisi na kila simu iliyoihusu kwa mpigo mmoja. Na sheria ilikuwa fupi: Amri yenye muhuri haiulizwi.

Kila mwananchi alitakiwa apakie picha yake humo, ili Mtukufu awe anatuona.

Kabla ya uzinduzi kulikuwa na kikao cha kukagua Lango. Nilihudhuria ili nikipongeze kikao. Aliyekaa mbele ni Waziri wa Milango, Mheshimiwa Profesa Tarumbeta, mtu mnene wa mwili na wa maneno.

"Mhandisi," alisema, "faili likiletwa Langoni linachujwa vipi?"

"Linafunguliwa, Mheshimiwa," alijibu Asumini. "Mtambo unaangalia kama kweli ndani mna picha. Halafu linapewa jina jipya, linawekwa kwenye chumba ambacho kazi yake ni kutunza tu. Kilichomo humo hutazamwa, hakifanyi kitu."

"Linafunguliwa?" Waziri alishika kifua. "Picha ya Mtukufu nayo ifunguliwe na kupekuliwa kama mzigo wa forodhani? Hapana. Liulizwe jina la ukoo, basi. Likisema ni la ukoo wa picha, lipite. Sisi ni taifa la kuaminiana."

"Jina la mwisho mtu yeyote anaweza kujiandikia, Mheshimiwa."

"Hata wewe, hilo la Kitandula umejiandikia?"

Ukumbi ukacheka. Asumini hakucheka.

"Jambo la pili," Waziri aliendelea. "Picha ya Mtukufu lazima iseme. Mwananchi akiifungua, imwambie: Hujambo, mwanangu."

Asumini aliweka kalamu chini. "Ili picha iseme, itabidi chumba chote cha picha kipewe uwezo wa kutenda. Picha moja ikiweza kusema humo, chochote kitakachoingia kitaweza kusema. Na hatujui kitasema nini. Na chumba hicho, Mheshimiwa, kimepakana na chumba cha Amri."

"Kwani wananchi wakisema kuna ubaya gani?" aliuliza Waziri.

Hakuna aliyejua kama lile lilikuwa swali au mtego. Waziri akajiinamisha mbele, akasema kwa upole mkubwa: "Mhandisi, una mume, sivyo? Yule wa utulivu. Sauti nzuri sana. Ingekuwa hasara ikipotea."

Asumini aliokota kalamu yake. Siku ya sherehe picha ya Mtukufu ikatusalimia sote, na mama mmoja mzee aliitikia "marahaba" kwa kukosea, akatolewa nje kwa ajili ya kuelimishwa.

*

Amri za kwanza zilizotoka baada ya uzinduzi zilikuwa za kawaida. Baadaye ikatoka moja iliyosema: *Mbuzi wote wa Jamhuri wavue viatu.*

Ilikuwa na muhuri, kwa hiyo haikuulizwa. Mkuu mmoja wa wilaya, mtu makini, aliagiza kwanza mbuzi wanunuliwe viatu ili wapate cha kuvua. Nilimwandikia pongezi.

Ikafuata nyingine: *Jumatano isitumike hadi itakapoelekezwa vinginevyo.* Tukaacha kuitumia. Shule zilifungwa siku hiyo, na walioitaja walijiziba mdomo. Mwanamke aliyejifungua siku hiyo aliandikiwa cheti kwamba bado ni mjamzito. Tulitekeleza kwa nidhamu, na wenye akili walitufafanulia hekima iliyokuwamo. Mchambuzi mmoja redioni alizungumza kipindi kizima kuhusu faida za wiki fupi.

Kisha ikatoka hii: *Mwanatumu binti Kigwe, muuza vitumbua wa Kata ya Juhudi, apumzishwe.*

Hii haikupata mchambuzi redioni. Kupumzishwa maana yake ni kupelekwa Nyumba ya Utulivu. Ile nyumba ilikuwa kilimani nyuma ya kambi ya jeshi, kuta zake zimepakwa chokaa kila mwaka, na hakuna aliyejua ndani mna nini, maana waliokwenda kupumzika hawakuwa na haraka ya kurudi. Gari la kijivu likaja Kata ya Juhudi asubuhi, watu wakiwa kwenye foleni ya vitumbua. Mwanatumu alichukuliwa mwiko ukiwa mkononi. Mafuta yaliendelea kuchemka mpaka mtu mmoja akapata ujasiri wa kuuvuta ukuni.

"Nilijua tu," alisema mwanamume mmoja gari lilipoondoka. "Siku hizi vitumbua vyake vilikuwa vinainama upande mmoja."

"Upande gani?"

"Wa kushoto."

"Basi."

Baada ya Mwanatumu akaja fundi saa, kisha mwalimu wa hesabu, kisha mapacha wawili waliokuwa wakiuza mkaa. Hawakufanana kwa lolote. Kama wangefanana tungepumua, maana tungejua tusifanane nao vipi. Kila mmoja wetu alijitafutia kosa, na aliyetafuta alipata. Watu waliacha kununua unga wa wiki nzima, wasije wakaonekana wana mipango. Gari lolote likiunguruma mtaani, vijiko vilisimama hewani. Mimi niliandikia familia zao: *Hongereni kwa ndugu yenu kuchaguliwa kupumzika.* Mke wa yule fundi saa alinirudishia barua yangu ikiwa imekunjwa vizuri, bila kuisoma, akaniambia, "Asante, baba. Tumeshapumzika."

*

Katika siku hizo hizo Waziri Tarumbeta alipandishwa cheo. Amri ilisema: *Tarumbeta asimamie Milango, Madirisha na Bahari.* Nchi yetu haina bahari, lakini alikubali jukumu. Nilikuwa ofisini kwake nimempelekea pongezi, Asumini akaingia bila hodi. Uso wake ulikuwa mkavu kama karatasi.

"Mheshimiwa, amri hizi hazitoki kwa Mtukufu."

Waziri alifunga mlango mwenyewe. Mimi nikajifanya sehemu ya pazia.

"Nimeingia chumba cha picha," Asumini alisema. "Kuna faili linaitwa shangazi.php.jpg. Mwisho wake limejiandika jpg, ukoo wa picha, ndiyo maana Lango limelipitisha. Lakini jina lake la katikati, php, ni la mafaili yanayotenda. Ndani hamna shangazi wala sura ya mtu. Mna maelekezo. Na kwa kuwa tulikipa chumba kile uwezo wa kutenda, linatenda. Linaingia chumba cha Amri, linachukua muhuri, linatoa amri."

"Nani kalileta?"

"Hakuna mtu. Mafaili ya namna hii yanazunguka dunia nzima yakigonga milango ya watu. Kwetu liligonga likafunguliwa. Halitujui wala halituchukii. Linaokota vipande vya amri zetu za zamani, linavichanganya, linachomeka jina lolote linalolikuta kwenye picha. Kuna amri ya zamani ya chanjo ya mbuzi, kuna amri ya watu wavue viatu wakiingia Ikulu. Umeona?"

Waziri alikaa. Kiti kililia.

"Na Nyumba ya Utulivu?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Hiyo limeitoa wapi?"

"Kwetu pia, Mheshimiwa. Amri za kupumzisha watu zimejaa humo. Halikuhitaji kubuni."

Niliona jasho likimtoka Waziri chini ya masikio. Alikuwa anaogopa kuliko sisi, maana alikuwa na zaidi ya kupoteza. "Kama amri ni za uongo," alisema polepole, "basi na cheo changu ni cha uongo. Na wale waliopumzishwa tumewapumzisha bure. Nani atasimama mbele ya watu aseme hivyo? Wewe?"

"Tulifute faili. Tuwatoe watu."

"Hakuna faili. Hakuna tundu." Alisimama, akarudisha sauti yake ya mikutano. "Amri ikishatekelezwa imeshakuwa ya kweli, Mhandisi. Na nikisikia umeligusa, nitajua ni wewe uliyelileta."

Jioni hiyo redio ikatangaza kwamba Lango la Ridhaa halina tundu, halijawahi kuwa na tundu, na atakayeliona tundu ana kasoro ya macho itakayotibiwa. Baada ya tangazo hilo Ngwali alisoma hali ya hewa. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akikohoa katikati ya neno utulivu.

*

Ngwali alikuja kuchukuliwa mchana, tukiwa mezani. Alikuwa amenigongea ukuta kwa kijiko kama kawaida. Tulikuwa tunakula wali na kisamvu cha nazi, naye anatusimulia jinsi mkuu wa redio alivyomkataza kutaja mvua hata inapomnyeshea. Ndipo tukasikia gari. Hatukutazamana. Kila mmoja aliangalia sahani yake, akiomba, Mungu atusamehe, gari liende kwa mwingine.

"Hodi wenyewe," ilisema sauti mlangoni.

Alikuwa Kapteni Mshamu, msimamizi wa gari la kijivu, mtu mpole mwenye kofia iliyopigwa pasi. Alivua viatu kabla ya kuingia. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Karibu chakula, afande," alisema Ngwali.

"Ahsante, ndugu yangu, nimeshakula. Ni wewe Ngwali Makungu?"

"Ndiye."

"Basi tufuatane kidogo."

Asumini alisimama. "Kosa lake nini?"

"Mama, amri haina kosa," alijibu Kapteni, akainamisha macho.

"Nina kipindi saa kumi," alisema Ngwali, kama mtu anayeomba radhi.

"Kitasomwa na mwingine."

Ngwali aliomba anawe mikono. Asumini alimmiminia maji. Kisha alimfuta vidole kimoja kimoja kwa kitambaa, kama mtoto. Walipofika mlangoni mdomo wangu, uliozoea kazi yake, ukasema peke yake: "Hongera."

Ngwali aligeuka akanitazama, akajaribu kutabasamu. Asumini hakujaribu. Sitausahau uso ule mpaka nitakapozikwa.

*

Nilidhani asingesema nami tena. Lakini haukupita muda alikuja kwangu na kompyuta yake ya mapajani, akaiweka juu ya meza yangu na kufunga madirisha.

"Wewe unajua maneno yao," alisema. "Niandikie amri."

Niliuangalia mlango. "Shemeji, unaniua."

"Nikilifuta lile faili sasa hivi, haliwezi kuchukua mtu mwingine. Lakini waliomo ndani hawatatoka. Nyumba ya Utulivu haifunguki kwa ukweli, inafunguka kwa amri yenye muhuri. Nimempigia Waziri magoti. Amesema nikubali mume wangu anapumzika. Njia ni moja tu, Hamadi. Nipite palepale lilipopita."

"Wakitukamata?"

"Watatushtaki kwa kupita kwenye tundu gani? Wametangaza halipo."

Nilitamani hoja ile inifariji. Haikunifariji. Masikio yangu yalikuwa nje, kwenye kila ngurumo. Nilitaka kukataa, nawaambieni kweli. Nikaona kwamba hata nikikataa sina pa kujificha, maana picha yangu nayo ilikuwa humo, nikiwa nimevaa tai. Lile faili lilikuwa linachota watu kama mkono unavyochota maharage gizani.

Nikaandika. *Wageni wote wa Nyumba ya Utulivu wamepumzika kwa kiwango cha kuridhisha. Warejeshwe makwao leo hii kwa heshima zote.* Na kwa kuwa mazoea yana taabu, mkono wangu ukaongeza: *wakisindikizwa na bendi.*

"Bendi ya nini?" Asumini aliuliza.

"Bila mbwembwe hawataamini imetoka juu."

Aliyatia maneno yangu ndani ya faili, akaliita harusi.php.jpg. Alilipeleka Langoni. Lango likamuuliza jina la ukoo. Akajibu kwamba ni picha. Lango likasema: *Karibu. Ridhaa inakuthamini.* Kisha tukasubiri mpaka simu zetu zote mbili zikalia kwa pamoja. Amri ilikuwa imetoka. Ilikuwa na muhuri wa nyota. Ilikuwa nzuri sana. Hata mimi niliyeiandika nilihisi kuitii.

Papo hapo Asumini alifuta faili lake, akalifuta na lile la shangazi, akakinyang'anya chumba cha picha uwezo wa kutenda. Kote nchini picha ya Mtukufu ikanyamaza katikati ya salamu.

*

Walirudi alasiri, wakitembea nyuma ya bendi ya polisi iliyopiga nyimbo za harusi. Mwanatumu alikuwamo, na fundi saa, na pacha mmoja. Watu walijipanga barabarani bila kujua wapige makofi au wakimbie, maana hakuna aliyewahi kuona mtu akishuka kilima kile. Wengi walikuwa wamekonda, na wote walitembea wakiwa wameinamisha vichwa, kama watu wanaopita chini ya kamba ya nguo.

Asumini alimkimbilia mumewe. Ngwali alimshika mabega, akamtazama kwa muda mrefu, akauliza kwa sauti ya kukwaruza ambayo sikuitambua: "Kuna mvua?"

"Hakuna, mume wangu. Jua linawaka."

"Wao walisema nini?"

"Nani?"

Akatupia macho kilimani. Ile sauti nzito ilibaki kilimani. Hakusimulia alichokiona huko, na sisi hatukuuliza.

*

Kesho yake tuliitwa Ikulu, Asumini na mimi. Waziri Tarumbeta alikuwa nje kwenye ngazi, ameketi kama mtu anayesubiri zamu ya daktari. Hakututazama. Tulipelekwa kupitia mlango wa nyuma hadi jikoni, na pale, juu ya mbuzi ya kukunia nazi, alikuwa amekaa Mtukufu Rais.

Alikuwa mdogo kuliko picha yake.

"Mnisamehe kwa mahali," alisema. "Amri ilitoka kwamba mkazi mkuu wa Ikulu ahamie jikoni. Nikahamia."

"Mtukufu," Asumini alisema, "ilikuwa amri ya nani?"

"Nilidhani ya majenerali. Majenerali walidhani ni yangu, wakaona nina sababu zangu. Nimekaa hapa nikijiuliza ni nani mkubwa kuliko mimi." Aliangalia mlango. "Mpishi ananiamrisha nikoroge. Nakoroga. Niambie kweli, mama. Ni wewe?"

Asumini alimweleza kila kitu, tangu jina la ukoo mpaka vipande vya amri za zamani na ile amri ya bendi aliyoipitisha mwenyewe. Hakujitetea wala hakunitaja. Mtukufu alisikiliza, mdomo wazi kidogo.

"Kwa hiyo hapakuwa na mtu," alisema mwishoni.

"Hapakuwa na mtu."

"Wala adui?"

"Wala adui. Faili tu, Mtukufu. Na maneno yetu wenyewe."

"Na sasa?"

"Nimeliziba tundu. Kuanzia leo, amri itakayotoka itakuwa imetoka kwako."

Mtukufu aliinuka. Alijipangusa machicha kwenye suruali, akavuta pumzi, na mbele ya macho yetu alianza kurefuka, kama mtu anayerudishiwa mifupa yake. Alitushukuru kwa adabu. Alipofika mlangoni aligeuka. "Wale waliotoka," aliuliza, "watu wamewaona wakirudi?"

"Nchi nzima imewaona," nilisema kwa furaha. Mjinga mimi.

"Na bendi ilipiga."

"Ilipiga, Mtukufu."

Akatikisa kichwa polepole, akaondoka.

*

Idara ya Pongezi hupewa Amri mapema, kabla haijatangazwa, ili pongezi zisichelewe. Asubuhi iliyofuata nilikuta moja mezani. *Amri zote zilizotolewa katika kipindi kilichopita ni halali na zitaendelea kutekelezwa, isipokuwa ile ya kuwarejesha waliopumzika. Waliorejea warudishwe mchana huu. Aliyewarejesha aambatane nao.*

Niliisoma nikiwa nimesimama. Nikatoka mbio na karatasi ndani ya shati mpaka kwa Asumini.

"Shemeji, labda ni faili jingine. Labda limepita tena."

Alifungua kompyuta yake. Aliangalia Lango, akaangalia chumba cha picha, akaangalia tena. Nilikuwa naomba alione. Sijawahi kuomba jambo kwa nguvu namna ile: Mungu wangu, liwe faili.

"Hakuna kitu humo," alisema. Midomo yake ilikuwa imepauka. "Nimepafunga mwenyewe. Hii imeandikwa na mtu."

Ngwali, aliyekuwa mlangoni, aliingia ndani akatoka na viatu vyake.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo baadhi ya watu wamenisingizia. Wajibu wangu ulikuwa kuwapongeza walioteuliwa. Hakuna kanuni inayosema pongezi zisubiri gari. Nilianza na hawa wawili. "Hongereni," niliwaambia, "mmechaguliwa kupumzika mchana huu." Asumini alinishika mkono, akaubana mpaka ukauma, na hiyo ndiyo ilikuwa kwaheri yetu. Nikaenda kwa Mwanatumu. Nikaenda kwa fundi saa. Safari hii mkewe alinisikiliza mpaka mwisho. Nikapita nyumba hadi nyumba, nikiwa na tai yangu, nikipongeza. Kila kona niliyokata nilitarajia kuliona lile gari.

Jua lilipofika utosini nilikuwa nimerudi ofisini kwangu. Kapteni Mshamu aliingia akipepesuka, kofia mkononi.

"Nimekuta milango wazi," alisema. "Vyungu viko motoni, watu hakuna. Kote. Wako wapi, Bwana Hamadi?"

"Sijui, afande. Mimi hupongeza tu."

Alikaa bila kukaribishwa. Alikuwa anahema. "Siwezi kurudi na gari tupu. Unaelewa? Haijawahi kutokea. Wataniuliza viti vimekaliwa na nani." Aliniangalia, na nikaona anapima kama nitatosha kiti kimoja. Mimi nami nilimtazama. Nikaona shingo yake inavyopiga, nikaona kwamba mtu yule alikuwa anaogopa kama mimi, na pengine alikuwa anaogopa tangu siku ya kwanza alipovua viatu mlangoni kwa mtu.

"Afande," nilisema, "una mke?"

"Ninaye. Na mabinti wawili."

"Hongera," nikamwambia.

Alielewa. Rangi ilimtoka usoni yote. Akaweka kofia yake juu ya meza yangu, akasema, "Inuka."

Tuliwapitia mkewe na mabinti, wakapanda wakiwa na nguo walizovaa. Hakuna aliyelisimamisha gari la kijivu, halijawahi kusimamishwa. Kwenye vizuizi askari walipiga saluti wakiwa wamefumba macho, wasije wakajua limembeba nani. Mpakani mwenyewe kizuizi kilinyanyuliwa kabla hatujakifikia, mlinzi amegeukia ukuta.

Mimi nilikaa nyuma, mahali walipokaa wengine. Kile kiti cha mbele yangu kilikuwa kimevalishwa ngozi nyeusi, na ile ngozi ilikuwa imekwaruzwa kwa kucha, mistari juu ya mistari, mingine mirefu na mingine mifupi, mpaka sponji ya ndani ilikuwa inaonekana. Binti mdogo wa Kapteni alinyoosha kidole akitaka kuigusa. Mama yake akaushika ule mkono, akauficha ndani ya kanga yake, na hakuuachia mpaka tulipovuka.